Mjusi Aliyeugua Kivuli

Juzi nilikuwa nimelala kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, macho nimeyafumba kwa woga usiolingana na umri wangu, mara keekee ikagusa jino na ile harufu ikapanda puani. Harufu ya mfupa unaoungua. Mtu mwingine angejikunja. Mimi nilitabasamu, kadiri mtu anavyoweza kutabasamu akiwa na pamba mdomoni, hata daktari akasimamisha mashine yake na kuniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa uani kwetu, mtaa wa Waberi, nina miaka tisa, na bibi yangu amechuchumaa mbele ya makaa akimchomea mjusi wangu dawa.

Nasema mjusi wangu, na najua wenzangu niliokulia nao Garissa watacheka. Mjusi hakuwa mnyama wa kufugwa. Mjusi alikuwa shabaha. Tulikuwa tumesikia kwenye chuo cha Kurani kwamba yuko mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka, na kwamba kumuua kuna thawabu. Sisi watoto, kwa uroho wetu wa thawabu za haraka, hatukujisumbua kuuliza ni mjusi gani. Kila chenye mkia kilipigwa mawe. Huyu wangu nilimkuta chini ya ukuta wa chuo, mmoja wa wale wenye kichwa cha rangi ya machungwa na mwili wa buluu, wanaoota jua juu ya mawe huku wakipandisha na kushusha vichwa. Jiwe la mtu lilikuwa limempata. Alilala ubavu, anahema, jicho moja limenitazama. Nikamfunika kwa ncha ya mtandio wangu nikaondoka naye kama mwizi.

Nilimpa jina la Warsame, jina la mtu mzima kabisa, mwenye ndevu na ngamia. Nikamtia ndani ya debe la mafuta ya kupikia, yale madebe ya msaada yaliyojaa kila nyumba siku zile, na debe nikalisukuma uvunguni mwa kitanda.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini uvunguni. Wengine inabidi niwaeleze. Kiangazi cha Garissa, jua si rafiki wa mtu. Kufikia saa tatu za asubuhi mabati yalikuwa yanalia, punda wa maji wamesimama wamebana ukutani, na ukisahau viatu nje unavivaa kwa kurukaruka. Mgeni akifika, kabla ya chai, kabla salamu hazijaisha, anavutiwa mkeka kivulini. Hiyo ndiyo heshima ya kwanza. Hata dua ya ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi, ilikuwa hiyohiyo: Mungu akupe kivuli siku isiyo na kivuli. Basi mimi nilimpenda Warsame kwa mapenzi yote niliyoyajua, nikampa kivuli. Nilimpa giza la uvunguni, kitambaa chenye maji juu ya debe, na kifuniko cha soda cha kunywea. Kwa kweli alilala pazuri kuliko mimi.

Jeraha lilipona. Alikula nzi niliowakamata dirishani na vipande vya anjera, ile chapati yetu laini, nilivyoficha kiganjani wakati wa chai ya asubuhi. Nikifunua debe, naye alipandisha kichwa, akakishusha, akakipandisha tena, taratibu, bila haraka. Niliamini anaswali. Nilimweleza mama, naye akasema, "Astaghfirullah, usimsingizie mdudu ibada," lakini aligeuka upande nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Siku zile zimebaki akilini mwangu kama kitu nilichokiona kupitia pazia. Mchana mrefu, nyumba yote imelala, mimi nimelala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji baridi, natazama ndani ya debe. Nuru kidogo ilipita chini ya mlango na kuishia kwenye magamba yake. Nilimsimulia habari za shule. Nilimsomea sura fupi nilizozihifadhi. Sijawahi tena kuwa na msikilizaji mvumilivu kiasi kile.

Halafu akaacha kuswali. Nilidhani amekuwa mvivu, nikamkaripia. Rangi ya machungwa ikaondoka kichwani kidogokidogo ikabaki ya majivu, nami nikasema anabadilisha nguo. Akawa anakitazama chakula asikiguse. Asubuhi moja nilimwona akijaribu kwenda kwenye maji, mguu mmoja wa nyuma unamfuata tu kama wa kuazima, na vidole vyake vinatetemeka.  Niliona jibu moja tu: joto limemshinda. Nikalihamisha debe kutoka uvunguni nikaliweka nyuma ya mtungi wa maji uliofungwa gunia bichi, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani kwetu. Kadiri alivyozidi kunyong'onyea, ndivyo nilivyozidi kulilowesha gunia.

Kiangazi hicho ayeeyo alikuwa amekuja kukaa nasi. Magoti yake yalikuwa yamekataa safari za malisho, na ukame ulikuwa umewasukuma mbuzi wake mbali, upande wa Liboi, wakichungwa na abti Dahir, mjomba wangu. Alikuja na furushi moja. Mchana kutwa alikaa mlangoni akitazama mbingu, na akiulizwa hali husema ni njema. Hakumgusa mnyama yeyote wa mjini. Mbuzi wa jirani, wale wanaokula maboksi, aliwaita wezi wenye ndevu.

Ni yeye aliyenisikia nikilia nyuma ya mtungi.

"Leta hapa hicho unachokificha," alisema.

Nikamletea debe. Nilitegemea atasema kitupe. Badala yake alimtoa Warsame, akamlaza kwenye kiganja, na vidole vyake vikaanza kazi kana kwamba vyenyewe ndivyo vyenye akili. Alimbonyeza taya kwa kidole gumba. Taya likabonyea kama ncha ya sikio. Alivuta mguu wa nyuma akauachia. Mguu ukatetemeka ukabaki palepale. Akamgeuza tumbo, akamnusa mdomo.

"Hana sumu. Hana kidonda," alisema. "Mfupa wake unageuka nyama. Alikuwa anakaa wapi?"

"Kivulini, ayeeyo," nikajibu kwa fahari, machozi yakinitiririka. "Sijamwacha apigwe na jua hata siku moja tangu kiangazi kianze."



"Mtoto, umewahi kumwona mjusi anaamka asubuhi akikimbilia kivuli?"

Nilifikiri. Niliwaona wote, mijusi wote wa maisha yangu, juu ya mawe, juu ya kuta, juu ya makaburi, wamejitandaza juani. Sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja akikimbilia kivuli.

"Umemfanyia ukarimu wa mgeni," ayeeyo alisema, "na huyu si mgeni. Yeye ndiye mwenye jua."

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu. Nilikuwa namuua kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa kumpenda, na mpaka leo sijui lipi kati ya hayo liliniuma zaidi. Ayeeyo hakunibembeleza. Alinituma mfupa wa mbuzi jikoni. Akasema ngamia anyonyeshaye wakati wa ukame, ukimwona anatafuna mfupa mkavu njiani, usimcheke. Mwili unatafuta kilichoutoka. Akauweka mfupa kwenye makaa mpaka ukawa mweupe na uani kote kukanuka ile harufu, kisha akausaga juu ya jiwe ukawa unga laini kama poda ya mtoto. Nikakamata panzi, yeye akawaviringisha katika unga ule. Akamfumbua Warsame mdomo kwa ukucha na kumtia panzi wa kwanza mwenyewe.

Hakuridhika. Kesho yake tulikwenda hadi karibu na soko la mbuzi, kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa mtu wa bara, mpole, ambaye wote walimwita Mwalimu ingawa hakufundisha popote.

"Karibu, mama. Mbuzi wanaumwa nini?"

"Si mbuzi. Ni hii," ayeeyo akasema kwa Kiswahili chake, akaliweka debe juu ya meza.

Mwalimu alichungulia, akarudi hatua nyuma. "Mama, huyu ni mjusi."

"Mimi iko na macho. Wewe nauza ile chumfi ya ngamia, ile ndani iko unga ya mfuba?"

"Ipo. Lakini ni mfuko mzima, mama. Kilo mbili."

"Kilo mbili nabeleka wabi? Angalia yeye. Chukua kidogo kwa kucha, weka kwa karatasi."

Mwalimu alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Kisha akanitazama mimi, na nadhani aliona uso wangu, maana aliacha kucheka. Akatoboa mfuko, akamwaga punje chache kwenye kipande cha gazeti.

"Kidogo sana, eeh? Mkizidisha, chumvi itamuua kabla ya ugonjwa. Na jua, jamani, la asubuhi na la jioni. La saa sita hapa kwenu halina adabu."

"Hiyo mimi nafahamu kabla wewe hajazaliwa," ayeeyo alisema. Tulipofika mlangoni aligeuka. "Wewe mtu fizuri. Allah akuwekee watoto."

Nyumbani alitoa hukumu yake: siku arobaini za jua. Sijui arobaini aliitoa wapi. Kwetu kila kitu kizito huchukua arobaini. Tukamfunga Warsame uzi kiunoni, uzi mwekundu wa cherehani ya mama, tukawa tunamtandaza juu ya ukuta wa uani kila asubuhi. Ayeeyo akahamisha mkeka wake kutoka mlangoni kuja chini ya ukuta. Ndege walipita. Muuza maji alipita na punda wake, akauliza kama ni kweli mama mzima anachunga mjusi, na ayeeyo akamjibu kwamba ni heri kuchunga mjusi kuliko kuchunga mambo ya watu. Nilisinzia nimeegemea paja lake, na kila nikifumbua macho wote wawili walikuwa palepale, wametulia, wamefumba macho nusu.

Siku ya kumi na mbili, msikiti ukatangaza swala ya kuomba mvua.

Mji mzima ulitoka kwenda uwanjani. Wanyama waliletwa pia, na ndama na vitoto vya mbuzi vilitengwa na mama zao ili vilie, kilio chao kipande mbinguni pamoja na chetu. Imamu akaligeuza shuka lake nje-ndani, na watu wakageuza makoti na mashuka yao, maana hivyo ndivyo mtu anavyomwomba Mungu aigeuze hali. Ayeeyo aligeuza mtandio wake. Mimi nikageuza wangu. Kisha nikapiga hesabu: kumi na mbili kutoka arobaini. Nilijua mvua za kwetu. Zikija, jua hujificha wiki nyingi.

Ayeeyo alikuwa ameuzamisha uso katika viganja. Nikashusha mtandio mabegani, nikaugeuza tena, nikaurudisha ulivyokuwa. Ya Allah, nikanong'ona, subiri. Siku ishirini na nane tu.

Mvua haikunyesha. Wiki ya kwanza, haikunyesha. Ya pili, mawingu yalikuja kutuchungulia yakaenda zake. Watu walianza kusema juu ya dhambi za mji, nami nikainamisha kichwa, kwa sababu nilijua ni dhambi ya nani. Na Warsame alikuwa anapona. Taya lilianza kukaza. Kutu ya machungwa ikaonekana kooni, ikapanda shavuni. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinichoma kama kitu cha wizi.

Asubuhi aliyopandisha kichwa kwa mara ya kwanza, akakishusha, akakipandisha tena, dereva wa lori kutoka Liboi alisimama mlangoni kwetu. Alikuwa na salamu za abti Dahir. Alikunywa maji, akaulizia afya ya kila mtu, akachelewesha maneno kadiri alivyoweza. Mwishowe akasema mbuzi wamekwisha. Wote. Wa mwisho walikufa wakiwa wamesimama, wakielekea kisima kilichokuwa kimekauka.

"Alhamdulillah," ayeeyo alisema. "Na mwanangu?"

"Mzima. Anakuja kwa miguu."

"Alhamdulillah."

Alimwongezea dereva maji. Dereva alipoondoka, ayeeyo alinawa mikono, akachukua panzi, akamviringisha katika unga wa mfupa, akamlisha Warsame.  Ningependa angepiga kelele. Ningependa angenipiga mimi. Nilikwenda nyuma ya nyumba, alasiri ile, nikapiga moyo konde, nikaugeuza mtandio wangu nje-ndani. Nikamwambia Mungu alete mvua sasa, hata leo, na kama anamtaka Warsame amchukue, simdai. Nilisema simdai huku meno yakigongana.

Mvua ilikuja siku ya nne baada ya hapo. Wakubwa walitoka nje kuloweshwa. Wanawake walipiga vigelegele, mchanga wa barabara yetu ukawa mto wa rangi ya chai, na harufu ya ardhi ilipanda mpaka watu wakalewa. Mimi nilikuwa ndani nimeshika debe. Siku moja, mbili, tatu bila jua. Warsame alikuwa baridi kama kijiko. Alifumba macho, na ile rangi ya machungwa ikarudi ya majivu. Nikimgusa, alichukua muda mrefu kukumbuka kusogea.

Ayeeyo aliingia akiwa amelowa. Maji yakanifika shingoni, nikasema yote kwa mkupuo: uwanja, mtandio, siku ishirini na nane, kwamba mbuzi wake niliwaua mimi kwa ajili ya mjusi, na sasa mjusi naye anakufa.

Alikaa kitandani. 

"Ungekuwa na nguvu hiyo," alisema, "ningekupeleka malishoni, si shuleni." Akanivuta kwake, akanipangusa pua kwa ukingo wa nguo yake iliyolowa. "Mungu hapangiwi na mtandio wa mtoto. Anajua kulisoma lililo ndani ya nguo, hata ukiivaa vipi. Mbuzi waliuawa na kiu. Umesikia? Na kiu."

Kisha alibadilisha nguo zake, akavaa kavu. Akanyoosha mkono kwenye debe. Alimtoa Warsame, akafungua shuka kifuani, akamlaza pale kwenye ngozi yake, akafunika.

"Wale sikuwafikia," alisema. "Huyu nimemfikia."

Alikaa naye hivyo siku nane. Alitembea taratibu, alisujudu kwa kuashiria tu akiwa ameketi kwenye kiti, alilala chali. Mama alinuna, kisha akazoea, kisha akaanza kumwekea makaa karibu bila kuambiwa. Mchana nilikaa ubavuni mwake, na mara nyingine aliuchukua mkono wangu na kuuweka juu ya shuka ili nisikie ule mwendo mdogo uliokuwa chini yake.

Siku ya tisa mawingu yalipasuka. Ukuta wa uani ulikuwa unatoa mvuke. Ayeeyo alimtoa Warsame kifuani, akaukata uzi mwekundu kwa meno, akamweka juu ya ukuta. Warsame alijibana pale muda mrefu, ametandaa, anakunywa jua. Rangi ilimpanda mbele ya macho yetu. Akapandisha kichwa, akakishusha. Halafu akaenda, mguu wa nyuma umepinda lakini unamtii, akapanda mpaka ukingoni, akavuka upande wa pili. Nilisubiri ageuke. Mijusi hawageuki.

Nilianza kulia. Ayeeyo hakuninyamazisha. Alisimama, kiganja chake kimeegemea ukuta uliolowa, akaanza kusema polepole maneno ambayo mwanzoni sikuyaelewa. "Adey. Dheglo. Hidigo, huyu alizaa mapacha mara tatu. Madobey, mwizi wa chumvi." Walikuwa mbuzi wake. Aliwataja mmoja mmoja, na kila jina alilisubiri kidogo kabla ya kulifuatisha na jingine. Alipomaliza aliniambia, "Sema na wewe." Nikasema. Nikikosea alinirudisha mwanzo, bila ukali, mpaka wote thelathini na wanne wakawa wamo kinywani mwangu, na hapo ndipo ayeeyo alipolia.